Siku Niliyovaa Koti la Mzee Mgata

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na kama naitoa leo ni kwa sababu wengi waliokuwepo wameshatangulia na wa kunicheka mmebaki nyinyi tu, basi chekeni mkae vizuri. Mimi, mtoto wa Vidunda, mtoto wa mlimani kabisa, niliwahi kuishi kwenye kambi ya mkonge kama Mngoni.

Ilianza kwa neno moja. Enzi hizo za Mwingereza kila kijana alikuwa anaenda kwenye mkonge, nami nikashuka mlimani, nikapita Mikumi nageuka nyuma kila saa (simba wa kule walikuwa simba kweli), nikafika shamba la Mgiriki mmoja upande wa Kimamba, nikajipanga na wenzangu tunaoomba kazi. Sasa manamba, yaani watu wa mkataba walioletwa kutoka mbali, walikuwa wanapewa chumba kambini na posho ya unga, lakini sisi wa karibu tulikuwa tunaambiwa jioni turudi tukalale kwetu, kana kwamba Vidunda ni nyuma ya jiko. Aliyekuwa mbele yangu akaulizwa kabila, akasema Mngoni, akaonyeshwa chumba. Mnyapara akanigeukia mimi, na mdomo wangu ukasema Mngoni kabla kichwa hakijaulizwa. Nikapata chumba, nikapata unga, nikajiona mjanja.

Nilichosahau ni Wahehe. Wangoni na Wahehe walipigana sana zamani za mababu, wakaishia kuwa watani, na pale kambini alikuwepo Mhehe mmoja mtu mzima, Mzee Mgata, ambaye aliposikia kuna Mngoni mpya alifurahi kama amepata ndugu. Kesho yake nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akasimama kunitazama. "Mngoni ananipa shikamoo? Bado mnatuogopa tu?" Watu wakacheka, mimi nikacheka kwa meno, nikakimbilia kazini. Tangu siku hiyo nikawa namkwepa. Nikimwona kulia, napita kushoto, na hivyo mtu yule nikawa simjui hata kidogo.

Yule Mngoni wa kweli mkataba wake ulipoisha akarudi kwao Songea. Haukupita muda mrefu, Mzee Mgata akaugua kifua, akafariki.

Nilienda msibani kama watu wengine, nikajibanza nyuma. Maiti imeshaoshwa, imeshavishwa sanda, jeneza liko mlangoni, na bado halinyanyuliwi. Nikamuuliza jirani yangu tunamngoja nani. Akanishangaa. "Tunakungoja wewe."

Kumbe mwili wa Mhehe yule usingetoka nyumbani mpaka mtani wake azuie mlango, avae nguo ya marehemu, amwigize, awachekeshe wafiwa, ndipo atoe ruhusa. Kwetu Vidunda watani wapo pia, lakini msibani sisi vijana tulikuwa tunatumwa kuni na maji, kazi yao sikuwahi kuitazama kwa karibu. Mama Asha, mjane wa marehemu, mtu wa Magole, akatoka ndani na koti la kaki ambalo mumewe alirudi nalo kutoka vitani, akanivisha kwa mikono yake. Umati ukanigeukia. Jua nalo linapanda, na marehemu hangojeshwi.

Nikafanya nilichokiweza. Nikakunja mikono nikasema, "Ndugu wafiwa, poleni sana kwa msiba huu mzito." Watu wakaangua kicheko, maana mtani kutoa pole ilikuwa mzaha ambao hawajawahi kuuona. Nikawaambia sitanii, nasikitika kweli. Kicheko kikazidi, mzee mmoja akajishika mbavu. Ndipo machozi yakanitoka, ya woga na ya aibu, na kicheko kikakatika, kwa sababu mtani halii kamwe. Mnyapara, Mnyamwezi mmoja mwenye sauti nzito, akaniuliza polepole, "Wewe ni Mngoni wa wapi?"

"Mimi ni Mvidunda," nikasema.

Afadhali wangenipiga. Wahehe wenzake marehemu wakainamisha vichwa (wao wasingeweza kuifanya kazi ile, mfiwa hajitanii mwenyewe), na Mama Asha akauliza, si kwa hasira, akauliza tu kama mtu anayetaka kujua, "Kwa hiyo mume wangu ataondoka kama mtu asiye na watu?"

Nikaanza kulivua koti. Mmakonde mmoja aliyekuwa anakata mkonge mstari wa jirani na wa marehemu akanizuia. "Usivue. Ila hakulivaa hivyo. Bega la kulia lilikuwa linashuka, kwa sababu ya kubeba mizigo." Nikalishusha bega. "Zaidi," akasema mwingine. Mama mmoja wa Kiluguru, muuza togwa, akasema huyo alikuwa anaonja, anafumba jicho moja, anasema togwa mbaya, halafu anamaliza kibuyu. Nikafumba jicho, nikasema togwa mbaya, wakacheka, safari hii kicheko cha kumtambua mtu. Mnyapara akasahau kuwa ananihoji. "Akiitwa alikuwa hajibu mpaka akohoe kwanza, utadhani shamba lake." Nikakohoa. "Kwa chini," wakasema wengi kwa pamoja. Nikakohoa kwa chini.

Watu wale hawakuwa na kijiji kimoja, wala lugha moja, wala msikiti na kanisa moja, na kila mmoja alikuwa na kipande kidogo tu cha yule mzee, lakini vipande vilipokutana, Mzee Mgata alisimama pale uani, ndani ya koti ambalo mimi nilikuwa kijiti cha kulitundikia tu.

Mama Asha akasema mwisho. "Alikuwa anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nikiuliza nani, anasema mgeni tu, napita."

Nikashusha bega, nikabisha hodi kwenye mlango ule uliozibwa na jeneza.

"Nani?" akauliza.

Nikakohoa kwa chini. "Mgeni tu, napita."

Akacheka, jamani, akacheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha kicheko kikageuka kilio alichokuwa amekibana tangu alfajiri. "Basi pita salama," akasema. Jeneza likanyanyuliwa.

Mjukuu wangu anayesomea mambo ya jamii chuoni anasema wataalamu wao wanajua jambo hilo, kwamba kumbukumbu haikai kichwani mwa mtu mmoja, inakaa katikati ya watu, na desturi ndiyo inayoiita ije. Nikamwambia wamesema vizuri, ila mimi niliingia ndani yake nikiwa na koti.

Chumba nilinyang'anywa keshoye, na nikaapa sitajiita tena kabila lisilo langu, kiapo nimekishika. Lakini Wahehe wa kambi ile hawakuniachia. Kila tukikutana sokoni Kilosa wakawa wananitukana mbele za watu, na nilipowakumbusha kwamba mimi ni Mvidunda, si mtani wao, wakaniambia niliyemsindikiza ndugu yao sina tena haki ya kupewa heshima.