Kiti cha Nyuma ya Rubani

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na mke mwenzangu wa bati. Alikaa pembeni ya kiwanja cha ndege cha changarawe nje kidogo ya Ibra, magurudumu hayana upepo, tumbo limejaa mavi ya mbuzi, na kila Ijumaa baada ya sala mume wangu alikwenda kumtazama. Wanawake wengine waliomba Mungu waume zao wasiongeze mke. Mimi niliomba wangu aongeze, maana mke wa kweli angalau angenisaidia kufua kanzu zenye grisi.

Ilikuwa ndege ya abiria ya zamani, ya injini mbili, kila moja na pangaboi lake. Kampuni iliyokuwa ikiirusha iliona barabara ya lami imefika, ikaiacha palepale, na tangu hapo abiria wake walikuwa mbuzi. Kisha akaja bwana mmoja wa makumbusho kutoka Maskati. Akaizunguka huku kashika pua, akasema wataipokea kwa furaha kubwa, ila iende yenyewe. Kuikata vipande na kuipakia kwenye malori, fungu hilo wao hawana. Isiporuka watakuja wauza chuma chakavu na misumeno yao. Alipokwisha kutugawia kazi hiyo akanywa kahawa, akashukuru, akaondoka.

Mume wangu alikuwa fundi wa ndege huko bara tulikozaliwa, kabla hatujarudi Omani, nchi ambayo yeye na mimi hatukuwahi kuikanyaga kabla ya kurudi. Serikali ilifurahi kupata fundi wa ndege, ikampa pampu za maji azitunze. Miaka yote ya bara alitengeneza ndege na hakupanda hata moja. Fundi hukaza nati, hufuta mikono, hurudi nyuma, wengine wakaenda zao. Hata kuja huku tulikuja kwa meli, mimi natapika, yeye anaangalia juu. Kwa hiyo rubani tuliyempata, Mwingereza mstaafu mwenye masikio mekundu, alipomwahidi kiti cha nyuma yake siku ya safari, mume wangu alirudi nyumbani akanisalimia mara mbili. Kiti chenyewe alikitengeneza kwa mikono yake, akakivika ngozi ya mbuzi. Nilitumaini ni mmoja wa wale wapangaji wa zamani.

Wenzake wa kujitolea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa Nizwa, aliyeendesha gari kila wiki kuja kusugua bati mpaka ling'ae, na ambaye nyumbani kwake, kwa maneno ya mkewe, hajapata kusugua hata kijiko. Wa pili alikuwa seremala wa majahazi kutoka Sur. Huyu aliombwa atie sakafu, akatia mbao za msaji nene za kustahimili mawimbi. Mume wangu alimuuliza kwa adabu kama anajua kwamba hiki kinapita hewani. Seremala akajibu kwamba ameshaelewa, ndiyo maana hakupaka shahamu ya kuzuia maji. Nusu ya mbao zikang'olewa, nusu zikabaki kwa kulinda urafiki.

Wakaendelea hivyo, spana mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili, hata siku moja injini zote mbili zikawaka na mbuzi wa mtaa mzima wakahama. Rubani akaja kutupa masharti. Tuondoke jua linapochomoza, kwa sababu hewa ikishapata moto ndege kuukuu hupoteza nguvu ya kupanda. Tena iwe tupu kabisa: yeye, msaidizi wake, na mume wangu. Alilirudia neno "tupu" kila baada ya sentensi, na mume wangu akalitafsiri kila mara, na watu wakaitikia inshallah.

Maskini Mwingereza, alituzoea lakini hakutujua. Mji mzima ulichosikia ni kwamba kuna mtu anakwenda Maskati. Na kwetu mtu hasafiri na vyake tu. Hata ukienda Bidbid kununua betri, jirani atakukimbilia na kifurushi cha mtu wake, na kifurushi hicho ni amana. Hukikatai, huulizi ndani kuna nini, na hukiachi njiani.

Jua lilipochomoza siku ile, rubani hakuwa ndani ya ndege. Alikuwa mkekani mbele ya sinia, kwa kuwa haiwezekani mgeni aondoke Ibra hajala. Akanyanyuka, akakalishwa. Akatazama saa, akaongezwa halua. Na huku nyuma, watu walipanga mstari mlangoni mwa ndege, na mume wangu, kwa kuwa ndiye msafiri, alisimama ndani akipokea. Tende, madebe ya samli, ndimu kavu, godoro, cherehani. Jamaa za seremala walitoka Sur na gunia zima la papa mkavu. Mwisho akaja mama mkwe wangu, nyuma yake wanaume wawili wamebeba jiwe la kusagia, la kumpelekea dada yake. Maskati, mji uliojengwa juu ya mawe katikati ya mawe, haukuwa na jiwe la kumridhisha dada yake.

Rubani alipookolewa kutoka kwenye sinia jua lilikwishapanda. Akafungua mlango, akatazama ndani. Kisha akasema kila kitu kishuke.

Mume wangu akashusha masanduku ya spana. Akashusha gurudumu la akiba, zulia, viti vyote vya abiria, na hata ngazi. Rubani akapiga hesabu zake, akatikisa kichwa. Bado kidogo, alisema, uzito wa mtu mmoja hivi. Ama mizigo ipungue, ama yeye harushi, na kesho anarejea kwao. Sote tulijua maana yake ni misumeno.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba gari la mwalimu lile pale na lami ile pale, na jiwe la kusagia halina haraka. Mama mkwe akamgeukia mwanawe.

"Umeshapokea, mwanangu. Ukitaka kunirejeshea mbele za watu, nirejeshee."

Mume wangu akatazama mstari ule wa watu waliokuwa wakimtazama. Akanisogelea mlangoni.

"Nianze kushusha ya nani?" aliniuliza.

Nilimchukia kila mtu aliyekuwepo, kuanzia wa kwangu. Akaingia ndani tena. Nilimwona kakishika kile kiti mgongoni, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akaruka chini, maana ngazi ilikwishatolewa. Hakuwa mwembamba, na lawama ya hilo naichukua mimi na mapishi yangu.

"Khalas, Kepteni," akasema. "Sasa sawa."

Basi papa akaruka, samli ikaruka, jiwe la kusagia likaruka. Ndege ilikwenda mpaka mwisho wa changarawe ndipo ikainuka, na watu wakashangilia mizigo yao. Nililia kwa hasira, nikasingizia vumbi. Yeye alibaki kainamisha kichwa, anasikiliza mpaka mlio ukapotea.

"Ya kushoto inakohoa kidogo," alisema, akaenda kukusanya spana.

Jioni simu ikaja kutoka Maskati. Jiwe limefika salama, ila silo lile alilolikusudia dada mtu.

Kwenda kuitazama ndege kulituchukua miaka. Tuliikuta ndani ya banda kubwa, inang'aa, imezungushiwa kamba. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alitufungulia mlango wa ndege na kutueleza kwamba wataalamu wamekuja kutoka nje, wameiosha kwa kila dawa, na bado ina harufu wasiyoijua. Wanadhani ni mafuta ya injini za zamani. Mimi niliijua kabla sijaingia. Ilikuwa papa wa Sur.

Mume wangu hakusikiliza. Alikwishavuka kamba, akapita juu ya mbao za seremala, akakaa kwenye kiti cha ngozi ya mbuzi, mikono magotini, anatazama mbele. Mlinzi akakohoa. Nikamwambia mume wangu anyanyuke, watu wanatuangalia.

"Leo sishuki mie," alisema.

Kijana akanigeukia mimi, akitumaini kwamba katika nyumba yetu kuna mtu mwenye akili. Nikamwambia atufungie mlango wa ndege, tunaondoka.