Mama Alipokuja Gesti Kupumzika

Mume wangu alipata wazo la likizo kwenye simu, kama anavyopata mawazo yake mengi. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu mjini, Kihonda, miguu juu ya meza, watoto wetu watatu wanagombania rimoti pembeni yake, akanisomea kwa sauti jinsi familia yenye watoto wadogo inavyoweza kwenda mapumziko bila presha. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikamuuliza hiyo presha ni ya nani. Akasema ni yetu sote. Nafundisha darasa la kwanza. Presha naijua inakokaa, na haikai kwenye miguu iliyopandishwa mezani.

Kesho yake akafungua grupu la WhatsApp, akaliita Likizo Bila Presha. Grupu la watu wawili, mimi na yeye, tunaolala kitanda kimoja. Humo akawa ananitumia kanuni, moja moja, akiwa ofisini analipwa mshahara kwa kazi nyingine. Tusiende mbali. Tusiwabadilishie watoto muda wa kulala. Tufungashe mapema. Kila mtoto awe na begi lake. Halafu siku moja mchana, nikiwa nasahihisha madaftari, ikaingia kanuni ya tano: tuepuke kufikia kwa ndugu.

Mahali alipopachagua ni Mgeta. Sasa Mgeta ni kwetu. Nimezaliwa huko, juu kabisa, na mama yangu bado analima njegere na karoti kwenye mteremko ambao mgeni akiutazama anatafuta kitu cha kushika. Mume wangu ni mtu wa Gairo, kwenye mahindi na karanga, ambako ardhi imelala chini kama mkeka. Ndiye aliyetaka kunipeleka kwetu, tukifika tukalale gesti.

"Na mama?" nikamuuliza usiku huo.

"Tutampitia siku ya mwisho. Nusu saa, tunamsalimia, tunashuka."

"Mama yangu nimpitie kama kituo cha mafuta?"

"Wewe mwenyewe sema kweli," akasema. "Ukienda kwa mama unapumzika?"

Hapo alinishika. Nikienda kwa mama naamka kabla ya jua, nachochea moto, napika chungu cha watu wanaokuja kututazama tumenenepa au tumekonda. Jioni nanuka moshi na mgongo umekufa. Kumcheka mume wangu ni rahisi, na nitamcheka tena hapa, lakini hili niliseme: nilikubali. Nilimtumia kidole gumba kwenye grupu.

Tulifungasha kwa wiki mbili. Yaani yeye alipanga, mimi nikafungasha. Alikuwa amesoma kwamba nguo za mtoto zisirundikwe, zifungwe kwa siku. Kwa hiyo nguo za watoto watatu nilizikunja mafungu, nikayafunga kwa vipande vya khanga kuukuu, naye akaandika siku juu ya kila fungu kwa kalamu ya wino mzito. Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa. Akafungasha kipimajoto, unga wa lishe, spika, tochi tatu. Akanunua kaptula mpya yenye picha za minazi, akaijaribu mbele ya kioo na kujigeuza huku na huku. Akanunua pia bwawa la kuogelea la watoto, lile la plastiki linalojazwa upepo.

Mgeta. Mwezi wa sita. Bwawa.

Nilitaka kumwambia kwamba mwezi huo kule hata bata wanaota moto. Sikumwambia. Nilijiambia acha aone mwenyewe, na huo ndio ulikuwa ujinga wangu, kwa sababu katika kumcheka mume wangu na bwawa lake nilisahau masweta. Mimi, mtoto wa Mgeta. Mafungu yote matano yalikuwa na fulana na vikaptula, kwa vile kanuni ilisema nguo nyepesi, nami nikakunja tu nilichoambiwa huku midomo nimeibetua.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi kwa kigari chetu. Kilikuwa kimejaa hadi kinakwaruza tumbo kwenye kila tuta. Barabara ya kupanda Mgeta ina kona nyingi, na watoto walikuwa wamekunywa maziwa, kwa sababu kanuni ilisema wasisafiri na njaa. Kona ya kwanza kali, wa mwaka mmoja na nusu akatapika. Tukafungua fungu la Jumatatu. Mbele kidogo wa miaka minne akatapika, naye akamtapikia dada yake. Tukafungua Jumanne. Tulisimama kupisha Fuso lililoshuka na kabichi, na moshi wake ulipotuingia dirishani tukafungua Jumatano. Mpaka tunafika, saa tano asubuhi, sisi tulikuwa tumeshafika Alhamisi.

"Ni marekebisho madogo tu," mume wangu akasema. Alikuwa na matapishi kwenye saa ya mkono.

Gesti ilikuwa nyumba ya vyumba vinne kwenye korido moja, bafu na choo mwisho wa korido, na kiwanja cha majani mbele. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima, mnene, mkarimu, anayepika mwenyewe. Mume wangu alitoka hapo hapo kwenda kujaza bwawa upepo kwa mdomo. Alipuliza mpaka macho yakamtoka. Mimi nikaenda gengeni kununua ndizi, na pale nikakutana na mwanamke wa kijijini kwetu, amejitwika tenga la karoti, anashuka sokoni.

"Karibu nyumbani! Umekuja kumwona mama?"

"Nimekuja," nikasema. "Kesho napanda."

Uongo ulinitoka laini kama mate, na kutoka pale aliweza kumwona mume wangu akipuliza bwawa kwenye kiwanja cha gesti. Nikarudi gesti na ndizi zangu nikiwa najua kwamba kabla ya jua kuzama mama atakuwa ameshaambiwa.

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi. Niliona kilemba chake kwanza, kikishuka kwenye njia ya mguu kati ya mashamba ya kabichi, halafu sweta lake la kijani, halafu yeye mzima. Mama yangu hajawahi kuja mahali bila mzigo kichwani. Siku hiyo alikuwa na kikapu kidogo tu mkononi. Nikajua nimekwisha.

"Tumsifu Yesu Kristo," akamsalimu mwenye gesti.

"Milele, amina."

Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anatazama bwawa. Maji hayakuwa yamewekwa, na mwanangu wa miaka minne alikuwa amekaa ndani yake amevaa fulana mbili, kamasi zimefika mdomoni, anatetemeka. "Hiki ni nini?"

"Bwawa, mama. Shikamoo, mama!" Aliyejibu ni mume wangu, kutoka nyuma ya mlango wa chumba chetu, kwa sababu alikuwa amevaa kaptula ya minazi. Suruali zake zilikuwa chini kabisa ya begi, na tulimsikia akilipekua kama mwizi.

"Marahaba, mkwe. Pole na safari." Akanigeukia. "Nimesikia mmekuja kupumzika."

"Ndiyo, mama, tulikuwa tuje kwako siku ya..."

"Sikukuuliza mlikuwa mje lini." Akamgeukia mwenye gesti. "Una chumba?"

"Kipo. Cha nani, mama?"

"Changu. Na mimi nimekuja kupumzika."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Binti yangu mdogo alikuwa ameshamkimbilia, amemkumbatia miguu. Mama akamnyanyua, akambusu, akamwita kwa jina la utani analolipenda, halafu akanikabidhi. "Mchukue mwanao," akasema, akaingia chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi, akafunga mlango.

Mume wangu alitoka amevaa suruali ya kazini na mkanda. Alikuwa amepauka.

"Mwambie hapamfai hapa," akaninong'oneza.

"Mwambie wewe."

Asingeweza. Kwetu, na kwao Gairo pia, mwanamume na mama mkwe wake hawapishani na taulo kwenye korido, wala hawapangi zamu ya bafu moja. Kuanzia saa ile mume wangu hakuvaa tena kaptula. Alishinda amechomekea shati, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki kama anasubiri usaili. Spika haikuwashwa. Alioga alfajiri kwa maji ya baridi kabla mama hajaamka, akatoka bafuni meno yanagongana, amevaa viatu. Kukohoa alikuwa anakwenda kukoholea barabarani. Katika kanuni zake zote hakuna iliyomwambia afanyeje mama mkwe akiamua naye kuwa na likizo.

Na mama alikuwa na likizo kweli. Aliagiza chai ya tangawizi, akairudisha jikoni kwa kuwa haikuwa ya moto wa kutosha. Akala chipsi mayai. Watoto walipolia, na walilia, mlango wake haukufunguka. Mara moja tu alitoa kichwa, akanitazama nikimkimbiza huyu na kumfuta yule.

"Masweta yako wapi?"

"Nilisahau, mama."

"Mtoto wa Mgeta," akasema polepole, "unaleta watoto Mgeta mwezi wa sita na vikaptula. Nenda kwenye mtumba." Kichwa kikarudi ndani.

Nikaenda kwenye mtumba. Nilipata masweta matatu, moja limeandikwa maneno ya Kichina, na wanangu wakaacha kutetemeka.

Jumatano mchana nilimpelekea maji ya moto kwenye beseni, alikuwa ameyaomba ya miguu. Nikabisha, sikuitikiwa, nikasukuma mlango. Mama alikuwa amelala. Saa nane mchana, jua limejaa dirishani, mama yangu amelala chali, mdomo wazi, kilemba kimemvuka, miguu imetoka nje ya blanketi. Nilisimama na beseni mikononi. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yangu yote ya utoto, na mchana nilikuwa nimemwona amelala mara moja tu, siku aliyomzaa mdogo wangu wa mwisho, na hata siku hiyo jioni aliamka akasonga ugali.

Akafumbua macho. "Weka chini, yatapoa."

Akakaa kitandani, akatumbukiza miguu. Nikapiga magoti nikaanza kumsugua visigino. Vimepasuka kama tope la kiangazi.

"Mama, umekasirika?"

"Jana nilikasirika. Leo nimelala."

"Hatukutaka kukusumbua."

"Usinidanganye, mimi si mkwe wako." Akanisogezea kisigino. "Mkija kwangu, siku tatu kabla naanza kutafuta kuni. Naazima godoro kwa watu. Nachinja. Mkiondoka nafua mashuka yenu, nalala siku mbili mgongo unauma. Halafu unanipigia simu kutoka mjini, mama tumepumzika sana. Mliyapata wapi hayo mapumziko? Yalikuwa yangu."

Miaka yote nilidhani anayechoka kule nyumbani ni mimi. Nilikuwa nimehesabu vyungu nilivyopika na moshi nilioumeza, na sikuwahi kujiuliza nani aliyeibeba mizigo ya kuni niliyokuwa naikuta imepangwa ukutani.

"Kulala gesti si aibu," akasema. "Hata mimi nimeona ni pazuri. Aibu ni kupita chini ya nyumba yangu kimyakimya kama mnakwenda kuiba. Na kumdanganya jirani yangu mbele ya tenga lake."

"Nisamehe, mama."

"Sugua na huo mwingine."

Hakutamka kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza tena. Lakini jioni hiyo alitoka nje, akakaa kibarazani, akamwita mjukuu wake mkubwa na kumsuka mistari miwili, akachoka, akamrudisha kwangu nimalizie. Mume wangu alimletea chai kwa mikono miwili, macho chini. Akaionja. "Hii ni ya moto," akasema, na mume wangu akafurahi kama aliyefaulu mtihani.

Alhamisi asubuhi alikunja khanga yake na mswaki wake kwenye kikapu, kufungasha kwa dakika moja. Mume wangu alimwomba amsogeze na gari hadi barabara inapoishia. Akakataa. Nikamwambia basi kesho tutapanda tumsalimie kabla ya kushuka.

"Mmeshanisalimia," akasema. "Shukeni salama." Akaanza kupanda, taratibu, bila kugeuka.

Tulishuka siku hiyo hiyo, mchana, siku moja kabla ya mpango. Mvua ya manyunyu ilianza, watoto wakalala njia nzima, na hakuna aliyetapika.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mwaka jana mama alipiga simu mwezi wa tano, akauliza tumepanga kwenda gesti lini, na kama safari hii anaweza kupata chumba cha mwisho, mbali na watoto. Mwaka huu pia amepiga. Mume wangu sasa ni mtu wa kusifiwa. Kwenye vikao vya familia, harusini, msibani, huwaambia watu jinsi wazo lilivyomjia la kumpeleka mama mkwe wake mapumziko, kwa kuwa wazazi nao ni binadamu, na wanaume wenzake hutikisa vichwa na kusema wakwe kama wewe ni wachache. Ananitazama nimthibitishie. Nami namwitikia, eti ndiyo, lilikuwa wazo lake, maana nikianza kusimulia ukweli itanibidi nieleze na mimi nilikubali nini kwa kile kidole gumba.