Kiuno cha Gitare ya Kalala

Hakuna mama wa korali hapa Kalemie asiyekuwa na blauzi ya Mama Hortense. Utaijua tu: imebana kiunoni, imefunguka kwenye makalio, na kifuani ina ua la duara la kutariziwa. Zote anazikata, akipanua pembeni kwa kila mwili, kwa karatasi moja ngumu ya kaki aliyoikuta ndani ya sanduku la vyombo vya kazi la marehemu mume wake, Kalala, seremala wa mabehewa ya treni. Karatasi hiyo haazimishi muntu. Anasema Kalala alimuchorea yeye, kwa sababu mwaka wa harusi yao alimusimamisha kwenye ukuta wa jikoni akatia alama za kiuno chake kwa penseli, huku na huku.

Kalala alitengeneza pia magitare. Imebaki moja tu, ya Papa Kizito, mwalimu wa korali. Uso wa gitare hiyo umebonyea, kwa sababu fundi mumoja aliufungua akatoa mbavu za ndani, vile vijiti vinavyoubeba, akavitupa. Jumamosi Arlette, binti ya Kizito, anaolewa, na baba aliapa kumupigia gitare ileile aliyomupigia mama ya Arlette siku ya harusi yao. Lakini mbavu zinakaa wapi? Mara tatu alikuja kumuuliza Hortense kama Kalala aliacha michoro. Mara tatu jibu lilikuwa moja:

—Kalala alikuwa na yote kichwani. Hakuacha kitu.

Jumatano Kizito alimuleta Arlette kupimwa blauzi, gitare kwapani, maana fundi wa pili naye alikuwa ameirudisha vilevile. Hortense akatandika kitenge mezani, akaweka karatasi yake juu, akashika makasi. Kizito akainuka kwenye kiti.

—Mama, hiyo ni gitare.

—Hii ni blauzi, Papa Kizito. Kaa.

—Na hii mistari saba?

—Ya kubania kitambaa. Mimi nafuata miwili tu.

—Na duara?

—Ua.

Kizito akalaza gitare juu ya karatasi. Kingo zikakutana pande zote, na tundu likakaa palepale pa ua. Arlette alicheka mpaka akashikilia mashine ya kushona.

—Kumbe korali nzima tunavaa gitare.

Hortense hakucheka. Miaka ishirini na sita, tangu amuzike Kalala, alijua karatasi ile ni zawadi yake. Akachukua utepe, akapima kiuno cha gitare mara mbili. Kisha akaingia jikoni, kwenye kipande cha ukuta ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukipaka chokaa, akapima zile alama. Walimusikia anakohoa. Aliporudi, kidevu kilikuwa juu.

—Sentimita ishirini na nne, hapa na kule. Gitare ndiyo ilinifuata mimi.

—Basi nipe karatasi, Mama.

—Haitoki humu. Lete mbao na gundi yako.

Siku mbili, kwenye meza ya kukatia, Kizito alibandika mbavu saba ndani ya gitare akifuata ile mistari ya karatasi, Hortense amesimama nyuma yake.

—Mustari ule unaupinda, Papa. Hata mwanafunzi wangu haupindi hivyo.

Jumamosi gitare ililia vizuri, na Arlette akacheza ndani ya blauzi yake. Mugeni mumoja aliyetoka Mpala akauliza gitare hiyo ni kazi ya nani.

—Ya Kalala, Kizito akajibu.

—Kiuno ni changu, akasema Mama Hortense, kisha akawaomba wenzake wasogee kidogo, maana benchi ilikuwa haimutoshi.