Mfereji Chini ya Jukwaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kama siku za mtu zingekuwa zinafutika, ningeanza kuifuta hiyo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Burundi kupitia kambi ya wakimbizi ya Tanzania hadi huku kusini mwa Afrika, nikilala chumba kimoja na wenzangu wanne hapa hapa Bellevue, Jozi. Nikapata kibarua cha kupaka rangi viti kwenye uwanja wa besiboli wa chuo kimoja upande wa Kensington. Usicheke. Hata mimi sikuujua mchezo huo: mtu anaupiga mpira kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Wanafunzi wa chuo kile waliupenda kufa.

Mtunzaji wa uwanja alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Kigoma, aliyefika jiji hili la Jozi enzi ambazo watu wetu hapa walihesabika. Wakati wa chai alinisimulia habari za uwanja ule kama mtu anayetaja ukoo wake. Mwanzo palikuwa bonde la majani, watazamaji wakikalia mbao kuukuu za reli. Kisha likaja jukwaa la matofali, kisha paa la mabati, kisha uzio. Na chini ya jukwaa mafundi wa kwanza walichimba mfereji wa mawe, maana maji yote ya mlimani hushukia pale. Aliyemtangulia kazini ndiye aliyemwonyesha. Kila mvua zikikaribia alitambaa mle ndani akauzibua kwa mikono yake.

Mwaka ule chuo kilikuwa kinaukarabati uwanja. Jukwaa lilikuwa linaongezwa kimo, na nyuma yake ukuta mpya. Asubuhi moja mzee aliwaona wanaandaa zege mahali penyewe pa mfereji. Akanishika mkono, akanipeleka mbele ya injinia, kwa kuwa Kiingereza hakukijua, na mimi nilijifunza kambini.

"Binti yangu, mwambie huyu bwana mfereji upo hapa, ila kwenye karatasi yake haumo," alisema. "Wakiuziba, maji yatausukuma ukuta. Mwambie yote, usipunguze."

Nikamtazama injinia. Alikuwa na haraka. Na juzi yake tu msimamizi alikuwa ameniambia kwamba msichana anayejua Kiingereza kama mimi hafai kushika brashi, atanitafutia nafasi ofisini. Nikajisemea: nikitamka kwamba mzee asiyejua kusoma anaisahihisha ramani, watatucheka sote wawili. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee ana wasiwasi na matope, hajui ataweka wapi vifaa vyake.

Injinia akacheka, akampigapiga begani. "Sharp, madala! Sawa mzee, tutakujengea stoo."

"Amesema nini?" mzee akaniuliza.

"Amesema ataliangalia."

Zege likamwagwa siku ile ile.

Ofisini nikapelekwa kweli. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, mchana, na mawe yake ya barafu, nilikuwa dirishani na kikombe mkononi. Nikaona maji yamejaa nyuma ya jukwaa, yanapanda. Na nikamwona Mzee Rajabu, peke yake, anapiga zege kwa sururu ayafungulie njia. Nilipiga kelele, lakini kwa kishindo cha mvua juu ya mabati yale nani angesikia? Ukuta ukatokeza tumbo, kisha ukamwangukia.

Hakufa siku ile. Uti wa mgongo ulivunjika, na walipomtoa hospitali jamaa zake walimlaza katika chumba cha kupanga huko Jeppestown. Chuo kikaandika taarifa: mtunzaji hakuzibua mifereji, ndiyo maana. Karatasi ile niliipiga chapa mimi. Vidole hivi hivi.

Nikaenda kumtazama. Akaniuliza taratibu, "Binti yangu, uliwaambia?"

"Niliwaambia, Mzee. Walikataa."

Akasema, "Kiingereza sikijui. Lakini kicheko nakijua. Mtu akiambiwa ukuta utaua, hacheki."

Nikaanza kulia. Hakunikaripia zaidi ya hapo; aligeuza uso, na kila nilipokwenda tena aliniitikia salamu tu. Baridi iliyofuata haikuisha, akafariki. Wenzake wa msikitini wakamzika, mbali na Kigoma, na kule kwao walipata habari kwamba aliangukiwa na ukuta kwa uzembe wake mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, nawe waijua methali, ila hujamwona mjukuu mwenyewe. Miaka mingi baadaye nilirudi chuoni niseme ukweli. Jukwaa lile lilikuwa limebomolewa, limejengwa jingine, na chini wametandika majani ya plastiki. Binti wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu. "Eish, mama," akasema, "hao watu wote hawapo tena. Hata hilo faili silijui." Langoni kuna ubao wenye historia ya uwanja, picha za kila ukarabati, na majina. Nikausoma mara mbili. Mzee Rajabu hayumo. Hakuwepo wa kumwomba radhi, wala wa kunihukumu, na mzigo niliokwenda kuutua nikarudi nao. Ninao hadi leo.

Sikukuambia haya unihurumie. Wewe umezaliwa hapa. Kiingereza na Kizulu vinakutoka kama maji, na sisi wazee tunakutegemea utusemee. Juzi kliniki jirani yetu alieleza maumivu yake kwa maneno mengi, nawe ukampa daktari matatu, ukarudi kwenye simu yako. Niliogopa, mwanangu. Maneno ya mtu ukishayabeba si yako. Yafikishe yote, hata yakikuaibisha, hata anayeyapokea akikunja uso. Na kama umepunguza, rudi siku hiyo hiyo useme umepunguza, kabla zege halijakauka. Ukingoja, hutamkuta wa kumwambia.

Mungu akupe ulimi mnyoofu na moyo usioogopa wakubwa. Akuepushe na kilichonipata. Na siku utakapozeeka, ajaalie kila atakayekusemea asipunguze neno lako hata moja. Amina.