Mililita Mbili na Nusu

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mume wangu husema nikianza kuongea hata kuku wanahama uani. Lakini kuhusu lile bomba la sindano sijutii neno hata moja nililosema, na anayetaka kuninunia aendelee kuninunia.

Binti yetu alianza kuanguka kifafa akiwa na mwaka na nusu. Hospitalini tukapewa dawa ya maji, asubuhi na jioni, kila siku bila kukosa. Mtoa dawa alikuwa na foleni mpaka nje. Akaniambia "nusu kijiko cha chai" huku macho yake yako kwa mgonjwa anayefuata. Neno hilo nikalipokea hivyo hivyo. Nikalifikisha nyumbani Matiri hivyo hivyo, nikamwambia mama mkwe hivyo hivyo, maana tunaishi naye uwanja mmoja na mtoto ni wake kama alivyo wangu.

Sasa, nyumbani kwetu kijiko cha chai hakuna. Chai tunakoroga kwa kijiko cha wali, basi. Halafu mama mkwe wangu ni mtu wa nyongeza. Ukinunua kwake maharage, atajaza kopo mpaka yamwagike, kisha atakuongezea konzi moja juu, na asiyeongeza anamwita mchoyo. Kwa mkono ule ule akampa mjukuu wake dawa, zile siku mbili nilizoshuka ziwani, kwetu Mbamba Bay, kumwona dada yangu aliyejifungua. Nusu ya kijiko cha wali, na nyongeza. Asubuhi na jioni, kwa upendo wote.

Niliporudi nikamkuta mtoto amelala. Saa saba mchana, amelala! Nikamwita, nikamfinya kisigino, nikampaka maji usoni. Akafungua jicho moja, likapinduka, likafunga. Alikuwa anapumua polepole mno hata ikabidi niweke sikio kifuani kwake.

"Amelala vizuri tangu jana," mama mkwe akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Hajaanguka hata mara moja."

Mungu wangu! Nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka Mbinga, na njia nzima nilikuwa namfinya mguu ili alie. Hakulia.

Walimlaza siku tatu. Asubuhi ya tatu akaomba uji, nami nikalia mbele za watu bila aibu. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanikalisha na kuniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kijiko gani?" Nikamwonyesha ukubwa wake kwa vidole. Akafumba macho. Kisha akaleta bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe, akachora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale penye mililita mbili na nusu. Akanifundisha: vuta taratibu, liinue lilingane na macho, gonga kwa kidole mapovu yapande, yatoe, kisha tazama tena mstari. Mtoto mpe pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Akanifanyisha kwa maji mara kumi.

"Mpaka hapa," alisema. "Siyo karibu na hapa."

Nikarudi Matiri na sheria yangu: dawa hii haigusi mtu ila mimi. Chupa nikaitia kwenye sanduku langu la nguo, nikafunga kufuli. Jamani, moto ukawaka! Kwamba nimemfungia mama mkwe kufuli katika nyumba aliyoisombea matofali kwa kichwa chake. Kwamba namwita mchawi bila kutamka. Kwamba sisi watu wa ziwani tunajifanya wajuaji. Kwamba namchoma mtoto sindano kwa siri. Jumapili moja, jua likianza kushuka, nikaitwa kwenye sengu.

Sengu ni kikao cha ukoo cha Wamatengo, kabila la mume wangu. Watu wanakula pamoja, kisha wanasemana mpaka jambo liishe, na mkubwa akisema, limesemwa. Mkubwa siku hiyo alikuwa baba mkwe. Nikawasalimia wote shikamoo, nikakaa mkekani, mwanangu mapajani.

"Mkwe wangu," baba mkwe akaanza, "mama yako amelea watoto saba na hakumuua hata mmoja. Umemwaibisha. Piga magoti, umwombe msamaha, umrudishie dawa mkononi, yaishe."

Mume wangu alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Sijui alitegemea kuona nini huko.

Thubutu! Nikasimama. Nikaomba bakuli la maji na kile kijiko cha mama. Nikamwambia shemeji yangu achote nusu, kama mama anavyochota, pamoja na nyongeza yake. Nikavuta yale maji kwa bomba mpaka kwenye mstari, nikayamwaga. Nikavuta tena mpaka kwenye mstari, nikayamwaga. Nikavuta mara ya tatu, na kijikoni bado kulikuwa na maji.

"Dozi tatu na ushee," nikasema. "Hiyo asubuhi. Jioni tatu nyingine. Huyu mtoto hakuwa amelala, baba. Alikuwa anakufa mikononi mwa mtu anayempenda. Mama si mchawi, na anayedai nimemwita hivyo aseme hapa hapa. Hata mimi nilikosa, nilileta nusu kijiko nyumbani bila kuuliza kijiko gani. Lakini magoti sipigi. Kama magoti yanapima dawa, niambieni, nitatembea kwa magoti mpaka Kigonsera!"

Watu wakaguna. Baba mdogo akasema hajawahi kuona mkwe mwenye mdomo kama huu. Nikamwambia basi autazame vizuri, huu hapa.

"Nimekwisha sema," baba mkwe akasema. "Piga magoti."

Ilikuwa imefika saa kumi na mbili, saa ya dawa. Nikatoa chupa niliyokuwa nimeifunga kwenye kanga, nikamkalisha mwanangu kwenye kigoda, nikapiga magoti kweli, mbele yake yeye. Wazee wakabaki na mgongo wangu. Wapo ambao hawajanisamehe hilo mpaka leo, nami sijawaomba.

Nikavuta dawa. Machozi, haya machozi ya hasira ambayo siyapendi kabisa, yalikuwa yamenijaa. Nikaliinua bomba, nikaona liko sawa, nikalipeleka kwenye shavu la mtoto.

Mkono ukanidaka. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amenyanyuka kwenye mkeka wa wakubwa na kuchutama kando yangu, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amekunja macho, analitazama bomba.

"Umezidisha," akasema. "Rudisha."

Nikapangusa macho, nikatazama. Dawa ilikuwa imepita mstari kwa upana wa punje ya ulezi.

Nikarudisha.