Mama Masanja wa Kitanda cha Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya hamsini ikianza, nilipokuwa msichana anayejifunza ukunga katika hospitali ya misheni kule Shinyanga. Nilitoka kwetu Masumbwe na sanduku la bati na Kiswahili cha darasani. Hata leo, mwanangu, harufu ya nguo iliyopigwa pasi ya mkaa hunirudisha kule.

Wodini alikuwemo Minza, mke wa mchimbaji dhahabu wa upande wa Geita. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa. Tangu hapo aligeukia ukuta. Hali, hanywi, na homa ilianza kumpanda. Mumewe aliketi nje kwenye ngazi na uji wa mtama ambao hakuna aliyeugusa.

Mimi nikajiona najua. Nikamwambia asilie, bado ni kijana, Mungu atampa mwingine. Akajifunika kanga mpaka kichwani.

Mwalimu wetu, Bibi Kwandu, mkunga aliyekuwa akipokea watoto kabla sijazaliwa, alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Alinichukua barazani, akasema kwa sauti ya chini, "Umemnyamazisha kwa sababu kilio chake kinakuchosha wewe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Rudi ukae naye, usimfundishe kitu."

Akanipa ungo wa karanga za jikoni nikamenye kando ya kitanda. Basi nikamenya. Ulimi uliniwasha, maana wasichana wa kwetu hatukuzoea kimya kile, lakini nikauzuia. Jua lilikuwa limepanda Minza alipogeuka, akazitazama karanga, akanyoosha mkono, akaanza kumenya nami. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Ningemwita Masanja. Jina la baba yangu."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema tu, "Pole, Mama Masanja."

Hapo akalia kwa sauti, wodi nzima ikasikia, wala Bibi Kwandu hakumzuia. Tangu aletwe, hakuna aliyemwita kwa jina la mwanawe; kwetu alikuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Alipokwisha kulia akaomba uji, nami nikamwita mumewe aje amnyweshe mwenyewe. Homa haikushuka upesi, lakini ilishuka. Siku waliyoondoka alinishika mikono yote miwili, akasema "wabeja", ndiyo asante ya Kisukuma.

Bibi Kwandu ametangulia zamani, na wodi ile nasikia imejengwa upya. Wewe sasa unakwenda kusomea uuguzi, na nduguyo ustawi wa jamii. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ingawa vya Bibi Kwandu havikuwa na kunguni hata mmoja. Dawa zisome vizuri, mwanangu, na mkono uuzoeze kazi. Lakini kabla ya kumtuliza mtu, mjue anaitwa nani na amepoteza nini, kisha nyamaza usikie. Usiyakatize machozi ya mwenzio ili upumzike wewe.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono mipole na masikio yasiyochoka, na siku utakapougua wewe, akuletee mtu wa kukaa nawe.