Mapovu Yanayokula Chuma

Wenzake wa idara ya maji walimwita Mama Mapovu, kwa kuwa kutwa alikaa kwenye kompyuta akiigiza jinsi maji yanavyopita ndani ya pampu. Maji yakifyonzwa na presha ikashuka mno, huchemka bila moto. Mapovu huzaliwa, kisha hupasuka juu ya chuma na kukidonoa kidogo kidogo. Kwenye kioo yalikuwa rangi ya buluu tu, hayamdhuru mtu. Lakini nyumba ya pampu yenyewe hakuikanyaga tena tangu siku pampu ilipopasuka na kumjeruhi fundi mwenzake, yeye akitazama.

Kiangazi kile bwawa lilipungua sana. Alipoingiza kina kipya cha maji kwenye kompyuta, buluu ikatanda kwenye mapanga yote yanayozunguka ndani ya pampu kubwa. Zamu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mumewe. Akampigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kule ndani, kwa makelele yale, nani angesikia simu?

Akaenda mwenyewe. Mlangoni alisimama, akashika ukuta, kisha akaingia. Ndani palikuwa na mlio kama changarawe inayosagwa, na sakafu ilitetemeka hadi akausikia mtetemo menoni. Shemeji alikuwa ameinama juu ya pampu, spana mkononi.

"Shemeji! Leo jua limechomoza wapi?" akacheka. "Si unaziogopa hizi?"

"Naziogopa. Toka hapo!"

"Ngoja nikaze nati hii, imelegea."

"Zima kwanza, nakuomba!"

"Nikizima mji unakauka. Bosi atanichuna ngozi."

"Mwambie nimezima mimi."

Hakungoja jibu. Alipita ubavuni mwa pampu, mgongo umelowa jasho, akabonyeza swichi nyekundu. Mlio ukafifia, ukakatika.

Alasiri mafundi waliifungua. Mapanga yalikuwa yametobokatoboka kama jino bovu, na moja lilikuwa na ufa unaoingia kucha. Shemeji akaupapasa, utani wote umemwisha.

"Hili lingekatika," alisema, "lingepasua pampu. Na mimi nilikuwa nimeikumbatia."

Mama Mapovu alikuwa nje, anatapika.

Bosi hakumgombeza. Alimtaka tu aje kila wiki kuzisikiliza pampu kwa masikio yake, alinganishe na kompyuta. Alikubali. Tangu hapo kila siku ya kwenda huamka akiogopa, huiacha chai mezani, lakini huenda hivyo hivyo.